Kutoka Mariakani hadi Kanamai: shajara ya njia ya wanyama wa biashara

Safari hii inafuata wanyama wanaoingizia watu pesa Mombasa na viunga vyake: mbuzi na ng'ombe wa nyama, punda wa maji, kuku, mifugo wa kupakiwa melini, ngamia wa ufuoni na samaki wa mapambo. Ni msimu wa kaskazi, jua kali na hewa nzito, na huu ndio wakati ambapo kosa dogo la usafirishaji huua upesi. Katika kila kituo swali la kwanza lilikuwa moja: anayemshika mnyama huyu analipwa kwa kipimo gani? Kwa safari, kwa kichwa, kwa mtungi, au kwa kilo? Jibu lake hueleza majeraha ya mnyama kuliko tabia ya mwenye fimbo. Wengi wa wanaoshika fimbo si makatili. Wamewekwa kwenye hesabu ambayo huruma ni hasara.

Jumatatu, Mariakani

Mariakani iko kilomita 36 hivi kutoka kisiwani Mombasa, kwenye barabara ya Nairobi. Mbuzi na ng'ombe kutoka Kwale, Taita Taveta, Tana River na kaskazini zaidi hupitia hapa kabla ya kuteremshwa mjini. Biashara ni ya macho: dalali anapapasa uti wa mgongo na kiuno, anakisia kilo, bei inatajwa, mikono inashikana.

Lori hulipwa kwa safari au kwa kichwa. Likilipwa kwa safari, mwenye mbuzi hujaza mpaka mlango ukatae kufunga, maana kila mbuzi wa ziada anasafiri bure. Likilipwa kwa kichwa, mwenye lori ndiye anayejaza. Kwa vyovyote vile anayebanwa ni mbuzi.

Hesabu ya nafasi si siri. Mbuzi wa kilo 30 hadi 35 anahitaji karibu robo mita ya mraba ili asimame kwa miguu yote minne bila kulaliwa. Bodi ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.3 ina mita za mraba 13.8, kwa hiyo inabeba mbuzi 55. Ng'ombe wa kilo 250 hadi 300 anahitaji takriban mita 1 ya mraba, na bodi hiyohiyo inatosha ng'ombe 13. Lori lililo wazi mno nalo lina hatari yake, kwa sababu dereva akifunga breki wanyama hurushwa mbele wote pamoja. Kwa hiyo mbuzi wakiwa wachache, bodi igawanywe kwa mbao katikati.

Ukitaka kukagua lori, acha kutazama pembe na migongo. Panda gurudumu, chungulia sakafuni. Mbuzi aliyeanguka hujulikana kwa pengo dogo kati ya migongo, pengo ambalo wenzake wanajaribu kulikwepa na hawana pa kukwepea, basi wanamkanyaga. Fimbo haisaidii hapo, naye ana muda mfupi sana. Mnyama anayecheua akilala ubavu hawezi kubeua. Gesi hujaa tumboni, tumbo linasukuma mapafu, na pumzi inakatika hata kama hakuna aliyemkanyaga kifuani. Mkute mapema, mwinue umlaze kwa kifua miguu ikiwa chini yake, tumbo litapungua lenyewe. Mwinue kwa kumkumbatia chini ya kifua na tumbo. Pembe, mguu mmoja au ngozi ya mgongo si vishikio.

Kwa ng'ombe aliyelala, mbinu inayotumika njiani ni kumpinda mkia mpaka mifupa yake inavunjika, au kumpaka pilipili machoni. Anasimama, kweli, kisha baada ya kilomita chache yuko chini tena, kwa kuwa kilichomwangusha bado kipo: sakafu iliyolowa mkojo na kinyesi. Dawa yake ni mchanga wa kina cha sentimita 5, au vipande vya mbao vilivyopigiliwa kukatiza sakafu ili kwato zipate pa kushika. Ni gharama ya asubuhi moja, na hudumu.

Kushusha ndiko kunakovunja miguu. Mteremko wa kushushia usizidi nyuzi 20, maana yake kila mita 1 ya kimo inataka ubao wa karibu mita 3. Lori lenye sakafu ya kimo cha mita 1.2 linahitaji ubao wa mita 3.5. Pasipo na ubao, mbuzi hurushwa chini.

Anayenunua kwa macho hapa halioni lililopotea njiani. Mnyama anayesafiri siku nzima bila maji wala malisho hupoteza asilimia 5 hadi 8 ya uzito. Mbaya zaidi ni lisiloonekana mpaka bucha: mnyama aliyehangaika kwa saa nyingi humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na baada ya kuchinjwa nyama yake haipati ule uchachu wa kawaida wa pH 5.5 hivi (namba ikipungua, uchachu umezidi). Inabaki juu ya 6, nyeusi, kavu kwa kugusa, na huharibika upesi. Mwenye bucha humlaumu mfugaji, ilhali iliharibikia barabarani.

Kibali cha kusafirisha mifugo kinahusu magonjwa: homa ya miguu na midomo, homa ya mapafu ya ng'ombe, homa ya Bonde la Ufa. Ni haki yahusike. Lakini Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza pia kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Kwa mwenye lori, faini hiyo ni ndogo kuliko bei ya mbuzi mmoja, na ndiyo sababu haimtishi mtu.

Jumanne, Mazeras kuteremka Changamwe

Kisiwani maji hubebwa na hamali kwa rukwama. Ukitoka nje ya mji, ambako mabomba hukauka kwa majuma, mbebaji ni punda.

Punda wa kazi wa huku ana kilo 120 hadi 160. Mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 hivi. Mtungi mmoja wa lita 20 ukijaa ni kilo 21. Miwili ni halali yake. Minne ni kilo 84, na minne ndiyo inayoonekana kila mahali. Akivuta gari la magurudumu ya upepo kwenye tambarare, anaweza hata mara mbili ya uzito wake, lakini Mazeras si tambarare. Kwenye mlima punguza mzigo kwa nusu, na unapoteremka hakikisha gari lina breki, la sivyo kinachosimamisha gari ni miguu ya nyuma ya punda.

Malipo yenyewe yako hivi. Kijana anayeswaga punda mara nyingi si mwenyewe. Amemkodi, na jioni lazima apeleke kiasi kilichokubaliwa hata kama siku imekuwa mbaya. Safari za kwanza ni za mwenye punda, za mwisho ndizo za kijana. Kwa hiyo punda huchapwa zaidi alasiri, wakati amechoka zaidi, kwa sababu ndipo kijana anapoanza kuchuma chakula chake. Mwenye punda akikubali kugawana kwa mtungi, nusu kwa nusu, safari ya kumi haina uzito kuliko ya kwanza, na fimbo hupungua bila mahubiri. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ya siku ya leo.

Matandiko ndiyo ya pili. Kidonda cha punda kina anwani: juu ya mabega, kifuani, chini ya mkia, na pembeni mwa mbavu panaposugua mti wa gari. Tazama mkanda wa kifua kwa karibu. Mara nyingi ni kamba ya nailoni, au ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu, wenye nyuzi za chuma zinazochungulia ukingoni. Jasho likiingia kati yake na ngozi, manyoya hung'oka kwanza, kisha ngozi huwa nyekundu inayong'aa, kisha hupasuka kwa mstari mwembamba uleule wa kamba. Kanda ziwe na upana wa sentimita 7 hadi 10, zifunikwe kitambaa cha pamba kinachofyonza jasho, kifuliwe na kukauka kila siku. Kikigandamana chumvi kinakwaruza kama msasa. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Mzigo mgongoni ukae kwenye shogi, yaani tandiko la mizigo, lenye mito miwili, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo usiguswe na kitu.

Gari nalo lina kipimo chake. Likishapakiwa, inua miti ya mbele kwa mkono mmoja. Ikikushinda, mzigo uko mbele mno na utamkandamiza mgongo. Ikiruka juu yenyewe, mzigo uko nyuma, na mkanda wa tumbo utamkaba. Sogeza mitungi mpaka miti itulie mikononi ikiwa myepesi.

Kidonda kikishatokea, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita moja. Oili chafu ya injini na maji ya betri, ambavyo bado vinapakwa, huunguza nyama mbichi na kuchelewesha kupona. Lakini hakuna dawa inayoshinda kamba inayorudi palepale kesho yake asubuhi. Kama haiwezekani kabisa kumpumzisha, tengeneza mto wenye tundu katikati, kidonda kikae ndani ya tundu bila kuguswa.

Punda anahitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, na joto hili linamtaka kiasi cha juu. Anayebeba lita 80 kila safari anastahili kunyweshwa kwenye bomba lilelile, kila safari. Usiku akiachiliwa jalalani hula mifuko ya plastiki, ambayo hujifunga tumboni na kumuua polepole. Asipokula siku mbili tatu, mafuta yake mwenyewe humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Kwa kuwa punda haonyeshi maumivu kwa kelele, anayengoja alie amechelewa. Masikio yaliyolala pande mbili na kichwa kilichoshuka chini ya mabega, hiyo ndiyo kelele yake.

Kuna biashara nyingine inayomfuata punda, nayo ni ngozi. Ngozi huchemshwa kupata gundi inayoitwa ejiao, dawa ya asili ya China. Vichinjio vya punda vilipofunguliwa Kenya kuanzia 2016, zaidi ya punda 300,000 walichinjwa ndani ya miaka mitatu, na wizi ukaenea: familia inaamka na kukuta mzoga porini bila ngozi. Serikali ilipiga marufuku 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 barani kote. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hakuna ufugaji unaoweza kufidia kasi ile.

Jumatano, Kongowea

Kuku huingia sokoni kabla ya alfajiri, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kuku hana jasho. Hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na kwenye unyevu wa Mombasa kuhema hakupozi sana. Ndiyo maana tenga lililotulia kwenye foleni ya magari saa nne asubuhi huua kuliko safari ndefu ya usiku.

Kipimo cha Ulaya ni sentimita za mraba 160 kwa kila kilo ya kuku wa ukubwa wa kuchinjwa. Tenga la sentimita 90 kwa 60 lingechukua basi kuku 16 wa kilo 2. Kwa kaskazi weka 10, wasizidi 12, na uache nafasi ya kiganja kati ya safu za matenga ili hewa ipite. Wanyimwe chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kusafiri, maji wasinyimwe.

Kuku wa kienyeji wa Kilifi na Kwale hufika wakiwa wamefungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama sisi. Akigeuzwa, matumbo yote hulalia mifuko ya hewa na mapafu. Mshike kwa mikono miwili ukibana mabawa mwilini, umweke kwenye kikapu. Kikapu hufungwa nyuma ya pikipiki vilevile.

Kwa mnunuzi, mzoga una ushahidi. Jeraha jekundu ni la muda huohuo, karibu na kisu. La zambarau ni la saa 12 hivi, yaani tengani au kwenye kukamatwa. La kijani limepita siku nzima, lilitokea bandani. Madoa ya kahawia kwenye viwiko vya miguu ya kuku wa kizungu ni kuungua kwa amonia ya takataka mbichi: amelala kwenye kinyesi chake kwa sababu mwili umefika kilo 2 ndani ya majuma matano hivi na miguu haijaweza kuubeba. Ukiyaona kwenye kila kuku wa muuzaji mmoja, huna haja ya kwenda kuona banda.

Baada ya kuku, tugeukie uchinjaji wa mbuzi na ng'ombe. Mchinjaji hulipwa kwa kichwa, na kasi ndiyo riziki yake. Waislamu wa mji huu wanayajua mafundisho ya dini yao kuhusu jambo hili: kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya mnyama, wala asichinjwe mbele ya mwenzake. Yote matatu ni ya vitendo na yote hudondoka foleni ikirefuka. Kisu kiwe na urefu wa mara mbili ya upana wa shingo, bila pengo kwenye makali. Kipitishe ukuchani, pengo litakwama. Koo, umio na mishipa mikubwa ya pande zote mbili zikatwe kwa mpigo usiosita. Mbuzi hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Ng'ombe huchelewa, wakati mwingine zaidi ya dakika moja, kwa sababu ana mishipa mingine ndani ya mifupa ya shingo inayopeleka damu ubongoni. Kabla ya kuchuna, gusa mboni ya jicho: kope likicheza, subiri. Kuchuna mnyama ambaye bado anahisi ni haramu kwa dini na ni kosa kwa sheria, na hutokea kwa sababu ya anayengoja nyuma.

Alhamisi, Kilindini

Mifugo hai wamewahi kupakiwa bandari hii kwenda Ghuba na Mauritius. Wengi wanaopigania biashara hii hutazama bei peke yake. Tatizo ni kwamba mnyama wa malisho huingia melini bila kujua kwamba vidonge vya chakula ni chakula. Kondoo wasiokula na wanaoshikwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, ndio wanaoongoza kwa vifo katika safari ndefu za Australia, na mbuzi wa vichaka vya Tana hana tofauti. Azoeshwe majani makavu na vidonge nchi kavu kwa majuma mawili, na asiyekula arudishwe zizini, asipakiwe.

Ndani ya meli, mkojo na joto hutoa amonia inayochoma macho, na hewa yenye unyevu humzuia mnyama kupoa hata akihema. Meli nyingi za mifugo ni kuukuu, zilijengwa kwa makasha au magari kisha zikageuzwa. Novemba 2019 meli ya Queen Hind ilipinduka Romania ikiwa na kondoo zaidi ya 14,000. Waliookolewa hawakufika 300. Septemba 2020 Gulf Livestock 1 ilizama karibu na Japani na ng'ombe takriban 6,000 na mabaharia wengi. New Zealand ilisitisha usafirishaji huo kwa bahari Aprili 2023. Uingereza iliupiga marufuku 2024 kwa wanyama wa kuchinjwa na kunenepeshwa, na mwaka huohuo Australia ilipitisha sheria ya kukomesha wa kondoo ifikapo 1 Mei 2028. Nyama iliyopozwa inasafiri bila kiu. Kenya ina vichinjio na ina ndege. Tunaona hakuna sababu nzuri ya kumpeleka mbuzi akiwa hai.

Ijumaa, ufuo wa Nyali na Bamburi

Alasiri ngamia wanapita na watalii. Malipo ni kwa mzunguko, basi hapumzishwi wakati wateja wapo. Cha kutazama: kamba ya puani ifungwe legelege na ikatike kwa mvuto mkubwa, maana isiyokatika hupasua pua, pedi ya kifua anayopigia magoti isiwe na kidonda, kivuli kipatikane saa sita hadi tisa. Ngamia anahitaji chumvi nyingi kuliko ng'ombe, na upepo wa baharini haumlishi chumvi. Kama mwenye ngamia hana jiwe la chumvi, usipande.

Jumamosi, Mtwapa na Kanamai

Samaki wa mapambo huvuliwa miambani na wazamiaji kwa wavu wa kuzuilia na kimia cha mkono, kisha hupelekwa nje kwa ndege. Mzamiaji hulipwa kwa samaki, bei kulingana na aina. Kila dakika anayotumia kupanda polepole ni samaki mmoja pungufu, na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Samaki akitolewa mita 20 hadi juu kwa haraka, hewa ya kibofu chake huvimba mara tatu. Macho hutokeza, tumbo hupinduka. Wengine huwatoboa kwa sindano, na sindano chafu huacha usaha ndani. Kumpandisha kwa vituo, akisubirishwa kila mita chache, hakuhitaji sindano.

Kabla ya kufungashwa samaki hunyimwa chakula siku moja hadi mbili ili asichafue maji kwa amonia. Mfuko huwa theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, mfuko juu ya mfuko, pembe zimezungushwa mpira ili samaki mdogo asibanwe kwenye kona.

Mnunuzi anayelipa siku hiyohiyo ufuoni analipia samaki anayeogelea tu. Akilipa baada ya samaki kukaa tangini siku tatu na kuonekana akila, kwa bei iliyopanda kidogo, mzamiaji ana sababu ya kwenda polepole, na hatalazimika kuvua wa akiba kufidia wafu. Pamoja na hilo, baadhi waachwe kabisa. Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi, husafisha wadudu kwenye ngozi za samaki wengine. Akiondolewa, mwamba mzima hubaki na wadudu wake. Na samaki vipepeo wanaokula matumbawe hai peke yake wasiguswe, kwa bei yoyote ile, maana hakuna chakula cha tangi kitakachowaweka hai.